Vifungo vya Shaba

Delmira alikuwa ameipiga pasi suruali ileile mara mbili tangu asubuhi, na sasa aliivuta tena mezani.

"Shoga, hiyo itaungua," Casilda alimwambia kutoka kwenye cherehani yake. "Mtoto wa watu utamvika majivu."

Wanawake wakacheka. Delmira naye akacheka, maana mtu akicheka pamoja na wenzake hatazamwi sana. Lakini sikio lake lilikuwa barabarani. Lori lilitakiwa kufika Alhamisi. Leo ni Jumamosi, magunia ya nguo yamejipanga ukutani yakiwa yamefungwa midomo, na kila gari lililopita nje ya ukumbi wa parokia lilimfanya anyanyue kichwa kama kuku aliyesikia mwewe.

"Si lenyewe," Casilda alisema, bila hata kuulizwa. "Lile lina kikohozi. Lake lina kifua kikuu kabisa."

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, wanawake wa mtaa wa Cayma huleta cherehani zao ukumbini hapo na kushona nguo za watoto wa Antapuna, kule juu ambako mwezi wa Juni maji huganda ndani ya sufuria na sufuria iko ndani ya nyumba. Zamani walikuwa wakikusanya mitumba. Mitumba ilikuwa ikigeuka viraka tupu kabla baridi haijaisha. Ndipo Delmira alipowaambia wenzake washone mpya, za kaki nzito yenye bitana ya sufu, mshono juu ya mshono, magoti mawili mawili, na pindo pana lililokunjwa kwa ndani ili mtoto akirefuka mama yake alishushe. Vifungo pia alivichagua yeye. Vilikuwa vya shaba, vikubwa, vikashonwa kwa uzi uliopakwa nta, na matundu yake yalikuwa ya kubana.

"Kifungo changu kitazeeka pamoja na mtoto," alipenda kusema, na wenzake walimwachia majivuno hayo, kwa sababu hakuwa na mengine.

Kwenye meza ya kukatia kitambaa alikaa mama mkwe wake, Mama Hortensia, na mkasi wake mrefu. Mwanawe wa pekee, Rufino, ndiye aliyekuwa mume wa Delmira. Alianguka na lori kwenye barabara ya kupanda Antapuna, akafa, huu ukiwa mwaka wa nne. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili waliishi nyumba moja, wote katika nguo nyeusi, na usiku wa baridi Mama Hortensia alikuwa akiamka kimya kimya kumwongezea Delmira blanketi, akidhani mwenzake amelala. Delmira hakuwa amelala hata mara moja. Aliacha tu afunikwe.

Na huyo aliyekuwa akingojewa ni Saturnino Huaracha, mwenye lori, anayepeleka mizigo yao juu bila kudai chochote. Majira mawili ya baridi alikuwa akija, anapakia, anakunywa kikombe cha chai kwenye kiti kilekile kinachotazamana na cherehani ya Delmira, anaondoka. Hajawahi kusema neno la ajabu. Mara ya mwisho tu, akiwa ameshika kofia yake mlangoni, alisema, "Nikirudi nina jambo la kukwambia, Bi Delmira. Naomba siku hiyo usiwahi kuondoka."

Tangu hapo hakuna suruali iliyosalimika na pasi.

Honi ikalia. Delmira aliweka pasi chini, akaiinua, akaiweka tena.

Saturnino aliingia akiwa amepasuka midomo kwa upepo, mashavu yamebabuka, na begani amebeba gunia. Hapo ndipo Delmira alipoona kitu hakijakaa sawa. Magunia hutoka ukumbini. Hayaingii.

"Karibu, bwana Alhamisi," Casilda alimpokea. "Tulidhani umeshaoa huko."

"Theluji, Bi Casilda. Njia ilifunga. Nimelala shuleni na watoto wa bweni." Alimtazama Delmira. Macho yake yalikaa kwake kidogo kupita adabu, kisha yakaanguka kwenye gunia. "Shikamoo, Mama Hortensia."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Suruali. Za mwaka jana."

Delmira alisimama. "Zimechanika?"

"Hata uzi mmoja haujakatika."

Akazitoa. Zilikuwa na rangi yake yote. Nyingine bado zilikuwa na mstari wa pasi ya Delmira mwenyewe. Aliipokea moja, akaigeuza magotini, akaigeuza nyuma.

"Hizi hazijavaliwa," alisema polepole.

"Zilivaliwa mwanzoni. Kisha mama zao wakaziweka sandukuni, za sikukuu." Saturnino alivua kofia akaanza kuizungusha mikononi. "Mimi siku zote nashusha mzigo mchana, watoto wananiimbia, nageuza lori. Sijawahi kuwaona asubuhi. Juzi nimewaona. Wanafika shuleni kwa miguu, vidole vimekuwa vijiti. Kuna kabinti kanaitwa Yesenia, kadogo, kameanza shule mwaka huu. Kalikuwa kamevaa ya kwako. Kakaenda nyuma ya darasa kujisaidia, kakashindwa kufungua kifungo. Vidole havikunjiki, na tundu linabana. Kalilia kakimwita mwalimu. Mwalimu alipofika…" Kofia ikasimama mikononi mwake. "Na huko juu suruali ikilowa, Bi Delmira, inagandia mwilini."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mkasi wa Mama Hortensia ulibaki umefunguka juu ya kitambaa.

Delmira aliona matako madogo yaliyolowa katika upepo ule. Aliona pia wenzake wote wakimtazama, na hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomfanya apandishe sauti.

"Na wewe ukaona uje useme hapa, mbele ya watu wote."

"Niliona niseme kabla haya mengine hayajapakiwa."

"Ungeniita nje!"

"Ningekuita nje, Bi Casilda angesema tunachumbiana."

"Ningesema," Casilda alikiri. Hakuna aliyecheka.

Delmira aliliendea gunia la kwanza ukutani, akalipasua mdomo, akamwaga nguo sakafuni. Akalipasua la pili. "Kateni vifungo," alisema. "Vyote. Tunatia lastiki kiunoni, mtoto avute tu chini kwa kiganja. Lastiki iko wapi?"

Hakukuwa na lastiki. Casilda alisimama, akajifunga shali.

"Mimi ninayo nyumbani, roli zima, ya sketi za ngoma za binti yangu. Ngoma itasubiri. Nanyi wengine mnakodoa nini? Twendeni tukanywe supu kwangu, turudi na nguvu. Delmira, wewe umeshashiba hasira, baki ufumue."

Akawasukuma wote nje kama mbuzi, na akauacha mlango wazi kabisa, ili asitokee mtu wa kusema mjane alijifungia ndani na dereva. Casilda ana mdomo, lakini mambo ya namna hii hayasahau.

Mama Hortensia hakwenda. Alibaki mezani kwake, mgongo umenyooka, akikata.

Saturnino alikaa sakafuni katikati ya suruali, akatoa kisu chake kidogo, akaanza kufumua kifungo. Uzi wenye nta ulimgomea. Akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea.

"Acha," Delmira alisema. "Utazitia damu."

"Ulishona kwa hasira hizi?"

"Nilishona kwa mapenzi."

"Basi ndiyo maana hazifunguki."

Delmira alikaribia kucheka, na kukaribia huko kukamkasirisha zaidi. Alichuchumaa, akamnyang'anya suruali na kisu, akamwonyesha pa kupitisha ncha. Alitamani Saturnino aondoke na alitamani asiondoke, na mambo hayo mawili yalikuwa yakigombana kifuani mwake.

"Lile jambo ulilosema," alinong'ona hatimaye. "Ndilo hili? La vifungo?"

"Hapana." Saturnino alitazama mlango, akatazama meza ya kukatia, akarudisha macho sakafuni. "Ushirika wa wafugaji wa Antapuna unataka dereva wa kukaa kulekule. Kushusha sufu ya alpaka, kupandisha chakula, na miezi ya baridi kuchukua watoto walio mbali na shule. Nimekubali. Kesho alfajiri napandisha mzigo wenu, na mimi mwenyewe nabaki huko."

Kisu kilimponyoka Delmira.

"Unabaki?"

"Kuna nyumba. Ndogo, ina jiko zuri. Na kuna chumba cha pili chenye dirisha upande wa jua, nikakitazama, nikasema hapa cherehani ingekaa vizuri." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Sitaki kuishi huko peke yangu, Delmira. Nakuomba unioe… nakuomba nikuoe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kuanza na neno tamu. Kisha nikamwona yule mtoto, na neno tamu likakataa kutoka."

"Unaniuliza leo? Uondoke kesho?"

"Nilitaka Alhamisi. Theluji haikunisikiliza."

Saturnino alikuwa akimtazama sasa, waziwazi, kama mtu aliyekwisha kuweka mzigo wake chini na hawezi tena kuuinua. Delmira aliona ukingo wa jicho lake ulivyopasuka kwa baridi, na akataka kuugusa kwa kidole. Alikaza vidole vyake kwenye suruali ya mtoto.

Nyuma yao mkasi ulilazwa mezani.

"Huaracha," Mama Hortensia alisema. "Mimi sina ugomvi na wewe. Wewe ni mtu mwema. Unabeba nguo hizi bure, na mwaka jana ulipogundua bomba langu linavuja ulilitengeneza ukaondoka bila kuniaga ili nisikulipe. Nilijua ni wewe. Lakini hapana. Barabara ile ilishanichukulia mmoja. Huyu simtoi."

"Mama," Delmira alisema, "mimi bado sijasema ndiyo."

"Wala hujasema hapana. Siku hizi zote mimi nakutazama unapiga pasi."

"Mama Hortensia," Saturnino alisema kwa heshima, "naendesha taratibu."

"Na Rufino wangu aliendesha taratibu."

Saturnino hakubishana naye. Aliinamisha kichwa. Delmira alimpenda kwa kunyamaza kule kuliko kwa yote aliyosema, na papo hapo akaogopa, maana neno "nampenda" lilikuwa limekuja lenyewe kichwani bila kubisha hodi.

Akasimama. "Kesho napanda na mzigo," alisema. "Nataka niione mikono ya watoto hao asubuhi kwa macho yangu, nijue lastiki inawafaa au nimekosea tena. Nitarudi na gari la maziwa. Ni hilo tu. Wewe usifikiri kingine, Saturnino. Na wewe, mama, usifikiri kingine."

"Barabara ile," mama mkwe alisema.

"Nguo ni zangu, mama. Kosa ni langu."

Mama Hortensia alikunja kitambaa chake, pembe kwa pembe. Akatoka, na kupita kwake mlangoni kulikuwa kama mtu anayetoka mazishini.

Casilda na wengine waliporudi na lastiki, walishona mpaka jua likazama na mlima wa Misti ukawa wa zambarau dirishani. Vifungo vilijaa kwenye beseni vikiwaka kama sarafu za kutuza harusini. Casilda aliijaribu kila suruali kwa kujivika soksi nene mikononi na kuishusha kwa viganja, huku akipiga kelele, "Nimebanwa! Nimebanwa! Mwalimu!" mpaka wote wakalia kwa kicheko, na Delmira pamoja nao, na machozi yake yalipozidi kidogo ya wengine hakuna aliyemuuliza.

Nyumbani usiku ule Mama Hortensia alikula, akaosha sahani, akazima taa upande wake. Delmira alilala amefumbua macho. Alifikiri juu ya dirisha lenye jua. Alifikiri juu ya mama huyu, akiamka usiku katika nyumba ambayo haina tena mtu wa kufunika. Kila alipogeukia ukutani aliona dirisha. Kila alipogeukia mlangoni aliona blanketi. Na nyayo za mama mkwe hazikuja.

Alfajiri kitanda cha mwenzake kilikuwa kimetandikwa, hakuna mtu. Amekwenda misa, Delmira alijisemea, amekwenda ili asiniage. Akavaa koti, akashuka peke yake mpaka parokiani. Ilikuwa Jumapili, na mtaa mzima ulinukia adobo, ule mchuzi wa nyama ya nguruwe. Casilda alikuwa kando ya lori ameshika sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Nyama hii mle kabla haijapoa, hamtaipata huko," alisema, akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akamwonyesha mbele ya lori kwa kidevu. "Na huko usiniulize mimi. Nimemkuta hivyohivyo."

Mama Hortensia alikuwa ameketi ndani, katikati ya kiti cha mbele, amevaa koti lake la misa na viatu vya sikukuu, mikoba miwili mapajani. Saturnino alikuwa amesimama nje akizungusha kofia, kama mtu aliyekuta askofu jikoni kwake.

"Mama?"

"Mara ile nilibaki nyumbani," Mama Hortensia alisema, akitazama mbele. "Wakaja kunipa habari mlangoni. Nina unga mikononi, nikawafungulia. Sirudii. Safari hii nitakuwa ndani. Sijakubali kitu chochote kwa mtu yeyote. Haya ingia, baridi inapita."

Wakaondoka hivyo: dereva upande wake, Delmira dirishani, na mama mkwe katikati kama ukuta wa mawe. Nyumba zikaisha, mashamba yakaisha, majani yakawa ya njano na mafupi. Delmira hakutulia. Alifikiri lastiki itakuwa ngumu kwenye baridi. Alifikiri imelegea mno. Alisikia gunia likisogea nyuma akafikiri ni gurudumu. Mara mbili tatu aliinama kidogo kumtazama Saturnino, na kila mara alikuta kitambaa cha kichwa cha Mama Hortensia. Mara moja waliinama wote wawili kwa wakati mmoja, macho yao yakakutana mbele ya uso wa bibi huyo, wakarudi kunyooka haraka kama watoto kanisani.

"Mimi si kipofu," Mama Hortensia alisema.

Saturnino aliendesha polepole hata gari la mboga likawapita likiwapigia honi. Hakujibu honi hiyo. Kwenye kila kona alipunguza, akasikiliza, ndipo akapita. Mama Hortensia alikuwa akimwangalia mikono. Muda wote ule, Delmira alitambua, hakuwa ameangalia kitu kingine.

Juu kabisa, pale milima inapokatika na barabara inaanza kushikilia ukingo wa bonde, bibi alisema, "Simamisha."

Lori likasimama. Upepo ulilitikisa.

"Unaumwa, mama?" Delmira alimuuliza. "Kichwa? Nikupe majani ya koka uyatafune?"

"Nataka kukaa dirishani."

"Mama, upande huu ndio wa bonde. Wewe huwezi hata ngazi za kanisa kuzitazama."

"Nimesema nataka dirisha. Ndilo bonde la Rufino. Nitamsalimia." Alikuwa tayari anasogea, mikoba ikimwanguka. "Shuka, nipishe, kisha upande. Kwani kubadilishana kiti kunahitaji padri?"

Delmira alishuka kwenye upepo, na bibi akasogea mpaka mwisho. Delmira akapanda kwa upande wa dereva, maana Saturnino alikwisha kushuka na kumfungulia mlango wake, akimpa mkono apande. Mkono ulikuwa na kidonda cha kisu. Akakaa katikati. Saturnino akarudi kwenye usukani, na bega lake, alitaka asitake, likawa linagusa la Delmira.

Mama Hortensia alikuwa amegeuza uso dirishani. Alitazama chini, moja kwa moja, bila kufumba macho, na midomo yake ikaanza kuzungumza na mtu ambaye wao hawakumwona. Mkono wake mmoja, bila kugeuka, ulivuta shali lake pana na kulitupa juu ya magoti ya Delmira, likafika mpaka kwenye goti la dereva.

Hakuna aliyewasha injini. Saturnino alikuwa akipumua kama aliyepanda mlima kwa miguu.

"Delmira," alisema kwa sauti ndogo. "Unarudi na gari la maziwa?"

Delmira alitazama kisogo cha mama mkwe wake, nywele za mvi zilizosukwa vizuri chini ya kitambaa kwa ajili ya safari. Kilitikisika kidogo, mara moja, kulikataa gari la maziwa.

"Uliza hiyo nyumba ina vyumba vingapi," Mama Hortensia aliliambia bonde.

"Viwili, mama," Saturnino alijibu. "Lakini matofali yapo. Cha tatu nakijenga kabla ya mvua."

Delmira aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Saturnino uliokuwa umeshika gia. Ulikuwa baridi kuliko wa kwake.

"Tazama barabara," alimwambia.

Injini ikashika, na wakaingiza gia kwa mikono yao miwili.